Kuteka

Kariobangi Kusini, bombani kwa Mama Achola,
foleni ya mitungi hufika hadi kwa fundi wa viatu.
Ndugu yangu Nzioki alitoka saa kumi na moja alfajiri
kuteka maji.
Akatekwa.
Mnisamehe, sichezi na maneno.
Ndivyo lugha ilivyonipangia.

Mtungi wake wa manjano niliukuta umejaa, unafurika,
kifuniko kikining'inia kwa uzi alioufunga mwenyewe.
Aliyempanga nyuma alisema: gari jeupe, wanaume wanne,
kiatu kimoja kilibaki.
Kisha akakumbuka kwamba hakuona kitu.

Kituoni, konstebo akafungua kitabu cha matukio.
Akaandika "amepotea."
Afande, nikamwambia, kinachopotea ni ufunguo.
Akakata mstari. "Ametoweka."
Moshi ndio hutoweka. Nzioki ana kilo themanini
na deni la kodi ya nyumba.
"Basi mwalimu, unataka niandike nini?"
Ametekwa.
Kalamu ikasita.
Maana ile w ndogo ina mtu nyuma yake.
Ukishaiandika, inakuja "na,"
na baada ya "na," jina.
Akaniambia nirudi Jumatatu.

Usiku nikafungua kamusi.
Nyara: mali iliyochukuliwa vitani.
Vita vipi? Vilipiganwa lini,
mimi nikiwa hapa nasahihisha insha?
Mateka: mmoja ni mateka, mia ni mateka.
Neno lenyewe halijui kuhesabu.

Mama hataki lolote kati ya haya.
Anasema tu, bado yuko bombani,
leo foleni ni ndefu.

Siku ya kumi na tisa, Gredi ya Saba walikuwa na mnyambuliko.
Nikaandika "teka" ubaoni, ndilo nililokuwa nalo.
Tekea. Tekeka. Tekwa,
chaki ikavunjika hapo.
Nikauliza kinyume: funga, fungua; ziba, zibua; teka?
Kimya.
Halafu Makungu, dawati la nyuma, yule asiyeleta kazi ya nyumbani:
"Tekua!"
Darasa likaangua kicheko.
Kumbe kamusi inalo:
kung'oa kwa nguvu kilichoshikiliwa.

Nikampa alama zote, hata za wengine.

Mtungi uko pale mlangoni.
Maji yameanza kuota ukijani.
Siyamwagi.