Somo la Kuanguka

Miezi minne hatukufundishwa kumwangusha mtu.
Tulifundishwa kuanguka.

Kidevu kifuani, alisema Mwalimu Hatanaka,
litazame fundo la mkanda wako kama mdeni,
toa pumzi, na mkono uupige mkeka
kabla mkeka haujakupiga wewe.
Paa!
Tena. Paa!
Tena, Mama Kuroda. Huo ulikuwa mkono wa kuomba radhi.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Napima malori ya viazisukari kiwandani Obihiro,
naandika uzito ulioingia, naandika uzito uliotoka,
na tangu barafu ya mlangoni pa posta iliponivunja kifundo cha mkono
nimekuwa nikipima kila hatua kwa mzani uleule.
Wanaosema kujikwaa si kuanguka
hawajapita mtaa wetu mwezi wa pili.

Mfupa uliunga. Sauti ndiyo iliyobaki.
Ilihamia kwangu kama mgeni wa siku mbili
aliyekwisha kutundika koti lake msumarini:
Utaanguka. Ushazeeka. Watakucheka.
Ilinifuata jikoni, ikaonja mchuzi kabla yangu,
ikasema chumvi imezidi.
Nikaacha kwenda sokoni jioni.
Nikaacha kwenda kwa dada yangu Sapporo.
Nikaacha, nikaacha,
hadi dunia yangu ikaenea juu ya zulia moja.

Mkeka sikuuendea kwa ushujaa.
Niliona tangazo kwenye dirisha la kinyozi:
judo, kila Jumanne, rika zote,
na chini yake, kwa kalamu ya mtu mwingine,
ukumbi una jiko la mafuta.
Nilifuata joto.

Wakanipa mwenza: Chinatsu, miaka kumi na miwili,
vyuma menoni, nusu ya uzito wangu.
Jumanne ya kumi na saba akanishika ukosi
akaniuliza, kwa adabu zote, kama niko tayari.
Siko, nikasema.
Hata mimi huwa siko, akasema,
na paa la ukumbi likageuka likawa sakafu.

Kuna kitambo pale, kifupi kuliko kupepesa,
miguu haina ardhi na ardhi haina habari.
Siku zote nilidhani hofu inaishi huko.
Nilipofika, hapakuwa na mtu.
Hofu yote ilikuwa imebaki nyuma, kwenye kusimama,
kwenye vidole vilivyong'ang'ania,
kwenye shingo iliyokaza kama kifuniko cha chupa ya achari.
Huko hewani palikuwa na pumzi moja tu,
na ilikuwa yangu.
Paa!

Mwalimu hakunisifu.
Alisema: ukibishana na anayekusukuma
wanakuwa wawili wanaokusukuma, yeye na wewe.
Mvute aende anakokwenda. Akifika, asikukute.

Niliyatafuna hayo ndani ya basi
sauti ilipoanza: Umejiona ulivyoanguka?
Nikaishika ukosi.
Nimeanguka, nikaiambia, mara arobaini na moja. Nilihesabu.
Ikayumba. Haikuja na neno la pili.

Sisemi imehama.
Jumanne huvua viatu mlangoni nikaiacha humo,
na nikitoka naikuta, inanisubiri, haijapoa.
Ila siku hizi inanibana vidole
kama kiatu cha mtoto.

Jana, mlangoni pa posta palepale,
mguu wa kushoto ukaenda zake bila kuaga.
Kidevu. Pumzi. Mkono.
Paa! kwenye theluji, mbele ya watu wanane na mbwa mmoja.
Mayai kumi; saba yamepasuka.
Bwana mmoja akaja mbio: umeumia, mama, umeumia?
Nami nimelala chali chini ya mbingu nyeupe,
kiini cha yai kikinishuka mkononi,
macho yakitafuta fundo la mkanda nisiouvaa.
Ngoja kidogo, nikamwambia.
Usiniinue bado.
Sijawahi kupaona hapa kutokea chini.