Na Wenzake

Mara mia tatu na kumi na saba, leo asubuhi.
Juzi zilikuwa tatu pungufu.
Kuna mtu Manila kadamka, kanitia kwenye mabano:
Famau na wenzake.

Nami niko Kipungani, kiatu kimoja kimemezwa na tope,
natafuta fremu ya tisa ya mwaka ule,
na Mwanahawa Bunu ananicheka:
"Daktari, unatafuta mchu penye mikandaa."

Yeye ndiye aliyehesabu.
Nilimpa daftari, mvua ikalifanya uji;
akachomoa ukili wa mkeka aliouacha nusu,
kila miche kumi iliyokufa, fundo moja,
na pale maji yalipozoa yote, mafundo mawili yamebanana.
Usiku niliyafungua moja moja kwa taa ya simu
yakawa Jedwali la Tatu.

Hilo ndilo wanalolinukuu.

Oslo walileta kipima chumvi. Profesa wa Bremen
alihamisha koma mbili, akawa mwandishi wa pili.
Mwanahawa yumo kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho:
M. Buni.

Nikamsomea. Akapangusa kiwiko.
"Mbuni," kasema. "Ndege, au mti wa kahawa?"
Nilicheka kabla yake, na sikupaswa.

Makala mpya iko tayari. Fomu inauliza
mwandishi wa kwanza ni wa chuo gani.
Nimejaza jina lake; penye chuo nimeandika Kipungani,
kisanduku kikawa chekundu, kikakataa.
Naandika tena. Kule chini maji yamemfika visigino,
na yeye ameinama, ukili mdomoni,
ananinyooshea kidole: ngoja kwanza.