Kifungu cha Kumi na Nne

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu kupokea neno
likiwa moto, na kulikabidhi kabla halijapoa.
Chumba cha kamati, Kampala, Jumanne,
saa tatu na dakika arobaini asubuhi:
viti ishirini na vinne, wajumbe saba,
na chupa za maji zimepangwa kwa wote ishirini na wanne.

Mwenyekiti akauliza kama akidi imetimia.
Karani akahesabu, akahesabu tena, akatabasamu.
Tukaendelea.

Shahidi wa sita alikuja kwa basi la usiku kutoka Malaba:
Perusi Nyachwo, wakala wa pesa za simu,
apigaye pia picha za pasi na kurudufu karatasi
za madereva wa malori wanaongoja mpakani.
Muswada ulimfikia Jumapili jioni, kurasa sitini na mbili,
akausoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka,
akikikuza kila kifungu kwa vidole viwili
kama anayefumbua jicho la mtoto lililoingia mchanga.

"Mmeandika ni kosa kutuma ujumbe unaoudhi.
Naomba kipimo.
Sukari ina mizani, kitambaa kina futi.
Kuudhika kuna nini?
Shemeji yangu ameudhika tangu siku ya harusi yangu.
Akiishika sheria hii, nani atamwambia basi, yatosha?"

Nikatafsiri. Nilipofika kwenye shemeji
mjumbe mmoja aliinua macho kutoka simuni mwake.
Katika kumbukumbu rasmi wataandika: Kicheko.

Afisa wa wizara akasema, kwa upole, sheria ni msumeno,
hukata mbele na nyuma, haina upendeleo.
"Sawa," akajibu Perusi, "basi nipeni niushike kwanza.
Nihesabu meno."

Akafungua ukurasa mwingine.
"Hapa. Cha kumi na nne. Mtandao waweza kuzimwa
kwa muda utakaohitajika.
Utakaohitajika na nani?
Ulipozimwa mara ile, dereva mmoja, mtu wa mbali,
alilala mbele ya kibanda changu siku tatu,
pesa zake zote zimo ndani ya simu, hana hata ya uji.
Nikamkopesha. Nikamwandika daftarini.
Daftari halizimwi."

Hapo nilikwama.
Si kwa ugumu. Katika Kiingereza cha muswada
neno lile lilikuwa limevaa suti;
kwa Kiswahili lilisimama uchi mbele yetu
na hakuna aliyekuwa na shuka.

Na Kiswahili chenyewe, nchini mwangu,
wapo watu wazima wanaokisikia wakatafuta mlango,
maana kiliwafikia kwanza kwa mlio wa buti:
Lala chini. Toa kitambulisho. Panda gari.
Mama yangu hakuruhusu kizungumzwe mezani.
Nilijifunzia jikoni kwa jirani, kwa kunong'ona,
na sasa nimekaa na kipaza sauti mdomoni
nikiiuliza serikali kwa lugha ileile ya amri:
Kwa muda gani?

Dakika kumi zikaisha. Mwenyekiti akashukuru.
Perusi akachukua chupa mbili za maji,
yake, na moja ya asiyekuwepo.

Baada ya wiki tano ilitoka taarifa ya kamati.
Jina lake limekosewa herufi mbili.
Yote aliyosema yamekuwa sentensi moja:
Shahidi aliomba ufafanuzi.
Lakini kifungu cha kumi na nne kimeongezwa maneno,
kwa muda usiozidi saa,
kisha pengo. Jeupe. Hakuna tarakimu.
Nililipima kwa ukucha: panatosha nambari mbili,
ukibana, hata nne.

Nikapiga picha, nikamtumia.
Alama ya kusomwa ikaonekana, kisha kimya
cha kutosha kuhudumia wateja wawili watatu.
Halafu akajibu:
Kikao ni lini? Nauli imepanda.