Zambarau ya Shaame

Programu mpya imefunguka, inang'aa,
lakini kadi za harusi ya mwana wa Bi Zuwena
zimetoka buluu, buluu ya sare ya skuli.
"Mie nalitaka zambarau," kasema,
"ile inayobaki ulimini."

Nikalitafuta faili la rangi alilolipima Shaame
kwa jicho, mlangoni, jua la saa nne,
akaliita "Hapa Wete".
Toleo jipya halilisomi.
Halimjui.

Basi nikaifuta vumbi kompyuta kongwe,
ile inayokohoa kabla ya kuwaka.
Kadi mia mbili, moja moja,
na zambarau ikaja, mbivu,
karibu kupasuka.

Bi Zuwena kazihesabu, kalipa, hakuuliza kitu.
Nami mashine ile
sikuizima hadi Isha.