Pumzi Kabla ya Mstari wa Tatu

Nilimjua Tauno Hietaniemi kabla hajawa uso,
alipokuwa koo tu.
Mimi Kerttu, kodiani begani,
yeye hatua moja mbele yangu
ndani ya koti la mahameli la kuazima
lililombana makwapa kila alipoinua mkono.
Tango, usiku wa Juni usiojua giza,
kumbi za mbao kandokando ya maziwa ya Savo,
mbu wakicheza bila kulipa kiingilio.

Gari letu lilikuwa la mwokaji mikate.
Tulifika kila mahali tukinukia hiliki.
Kampuni ya santuri kule Helsinki ikatupa mkataba
wa kurasa kumi na moja,
nasi tukausoma kama barua ya mapenzi:
tukaruka penye hesabu.
Santuri ikauzwa. Elfu ishirini, walisema.
Mgao wetu ulitosha matairi mawili ya theluji,
ya mbele.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
sisi tulisifiwa, tukatiwa maji sisi.

Kisha koo likaota vinundu.
Daktari wa Kuopio akasema: nyamaza miezi sita.
Akanyamaza. Aliniandikia kwenye vipande vya karatasi:
*Chumvi.*
*Nani amekufa?*
*Kerttu, usiuze kodiani.*
Hicho cha mwisho ninacho.

Aliporudi jukwaani, Iisalmi, Novemba,
umeme ulikatika katikati ya wimbo wa pili.
Mwingine angetania, angewapigisha watu makofi.
Mtu alipoleta kandili tukamwona Tauno
amesimama palepale, mkono kwenye maikrofoni iliyokufa,
kama aliyeambiwa stesheni: ngoja hapa, narudi.
Watu mia mbili wakangoja naye.
Nyuma kabisa alikuwapo Raakel Sundqvist,
mtu wa filamu, aliyekuja kutafuta ziwa.
Hakumuuliza kama anajua kuigiza.
Alimuuliza: "Unaweza kusimama hivyo mchana?"

Kazi ya kwanza, maiti iliyoopolewa majini.
Alilipwa kuliko santuri zote elfu ishirini.
"Kumbe," akaniambia kwa ile sauti ya mkwaruzo,
"kufa kuna faida kuliko kuimba."
Ya pili, polisi mlangoni.
Ya tatu, polisi yuleyule, kapandishwa cheo.
Ndipo akapewa baba asiyesema na mwanawe:
dakika tisini, maneno arobaini,
na nchi nzima ikalia,
nchi ambayo kila nyumba ina baba huyo.
Magazeti yakaandika: kipaji kilichozuka pasipo kitu.
Pasipo kitu!
Tazameni mezani, pale mwana anapofunga mlango,
vidole vyake vinagonga ubao taratibu,
vinachelewa kidogo kwenye pigo la nne.
Kuchelewa huko nilimfundisha mimi,
garini, kwa kijiko.

Hatukugombana. Simu zilipungua tu,
kama barafu ya Aprili: hujui siku gani
ulipoacha kuthubutu kuikanyaga.

Mwaka jana wakamchezesha mwimbaji mzee.
Sauti wakaazima kwa kijana wa Turku,
koo safi kama bilauri mpya.
Nilikwenda peke yangu, onyesho la saa nane mchana,
watazamaji watano na radieta moja inayokohoa.
Midomo yake, sauti ya mtoto wa watu.
Nikasema basi, naondoka. Glavu moja nilikwisha kuvaa.

Halafu, kabla ya mstari wa tatu,
mahali ambapo hakuna mwimbaji mwenye akili
angevuta pumzi,
mahali alipoivuta yeye usiku baada ya usiku
kwa sababu koti lilimbana,
nikaisikia.
Haikuwa ya yule kijana.
Fundi wa sauti alisahau kuifuta,
au alikuwa fundi kwelikweli.

Mkono wangu wa kushoto, wenye glavu,
ukafungua mivukuto isiyokuwapo,
nikamngoja aingie.