Akiba Haiozi, Wasema

Nimeitandaza mezani tangu alfajiri,
yadi nne kasorobo, rangi ya zabibu mbivu,
na mkasi nimeupeleka chumba cha pili
nisije nikauchukua kwa mazoea.

Hapa Ibra hewa hukausha hata mate.
Kiyoyozi nimekizima, chini ya mlango nimeziba kwa taulo bichi,
kwani hariri hii ikipulizwa hushtuka
kama mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa.

Ilitoka Unguja ndani ya sanduku la bati,
chini ya makaratasi ya kiwanja ambacho si chetu tena,
imekunjwa mara nane, na palipo na kunjo
imeachana yenyewe, bila mkasi, bila ugomvi.
Nimehesabu mipasuko kumi na minne,
mingi urefu wa kidole, mmoja urefu wa mkono wa mtoto.

Thuwaiba anaolewa Shaabani.
Ameniletea picha kwenye simu: kifua cha hariri ya bibi,
mikono mipana, mkanda, na shela ya kuburura.
"Shangazi, wewe ndiye fundi. Ukishindwa wewe, basi."
Mtoto huyu anajua pa kunichoma.

Nilichomoa uzi mmoja pembeni, nikautia kiberiti.
Ukanuka unywele. Hariri ya kweli, hakuna neno.
Nikakivuta kitambaa kwa ncha za vidole, kidogo tu,
nikasikia kisauti,
si cha kuchanika,
cha mtu anayeshusha pumzi nyuma ya pazia.

Mama yake asema irudishe sandukuni, akiba haiozi.
Aliyesema akiba haiozi hakuwa fundi.
Mimi naiona inaoza. Inaoza gizani, kwa adabu,
pamoja na karafuu tulizoitilia kufukuza nondo.
Na wasemao ya kale ni dhahabu nao wanapotosha:
dhahabu utaiyeyusha,
bangili iwe pete, pete iwe kipini.
Hii nikiikata vibaya ndiyo imekwisha.
Hakuna sonara wa hariri.

Jumatano nilikwenda soko la wanawake
nikamwonyesha kipande Bi Zahwa, muuza zari.
Alikigeuza, akakinusa, akanirudishia kwa mikono miwili.
"Usiitie cherehani," akasema kwa Kiarabu,
kisha kwa Kiswahili, lisije likanipita:
"Itakufa mikononi mwako."

Basi jana usiku, kwa tochi,
nikaona nisichowahi kukiona.
Ukingoni, mstari wa vitundu, vidogo, vimepangana:
sindano ilipita hapa, mshono ukafumuliwa.
Na juu kidogo, doa la jasho.

Kumbe bibi hakuitunza. Aliivaa.
Aliivaa akatoka jasho, labda alicheza, labda alikimbia,
akaifumua, akaikunja, akatwambia haijaguswa.
Na sisi miaka yote hiyo
tunalizunguka sanduku kwa nyayo za paka!
Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikuamua kwa hekima. Niliamua kwa doa lile.

Shela hapana. Mikono hapana. Mkanda, anisamehe.
Kifua tu, shubiri mbili,
juu ya bitana ya melimeli niliyoifua mara tatu
iwe nyororo, isimkwaruze mzee.
Kwa mkono. Kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizo nazo,
uzi nimeupitisha kwenye nta,
na kila nikichoma nanyamaza kwanza.
Mabaki yatarudi sandukuni, na kijikaratasi:
*Imevaliwa mara mbili.*

Bibi harusi nimempelekea ujumbe.
Njoo Ijumaa upimwe. Usijipake udi kifuani.
Usiku wako ni mmoja, na wa nguo hii ni huo huo.
Na watakapokuja kukupongeza mashangazi wa Sur,
na vile vifua vyao, na vile vilio vyao,
waambie wakukumbatie
kidogo.