Wa Mwisho Si Wewe

Saa kumi na moja na robo alfajiri, kituo cha mafuta Buguruni,
pikipiki tisa, na ya kumi yangu, inanuka rangi
niliyoipaka jana kuficha mikwaruzo ya mmiliki wa kwanza.
Kiongozi wa msafara ni Mwajabu, karani wa bandari.
Hakuniuliza jina. Aliinama, akabinya tairi la nyuma,
akavuta mnyororo, akaigonga helmeti yangu kwa kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Na hii kamba ya kidevu ni pambo?"
Nikaifunga.

"Hatuendi kushindana," akatuambia.
"Anayetaka mashindano atangulie,
tutamkuta Muhimbili."
Wenzangu wakacheka. Mimi nilimeza mate.

Tujipange kama nyayo za mtu anayetembea,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
asiwepo wa kumkanyaga mwenzake kisigino.
Ngumi ya kushoto juu: simama.
Mguu ukining'inia kulia: kuna baya kulia.
Na umbali?
"Mwenzako akiipita nguzo, anza kusema
*haraka haraka haina baraka*.
Ukiifikia nguzo hujamaliza, umemganda. Rudi nyuma."

Maisha yangu yote nimeambiwa methali hiyo
na watu waliochelewa.
Sikujua kumbe ni saa.

"Mgeni, wewe wa pili. Nyuma yangu."

Barabara ya Mandela muda ule ni ya malori ya kontena,
lami imekunjamana karibu na taa
kama shuka la mtu aliyelala vibaya.
Nikasema methali nguzo kwa nguzo,
midomo ikigusa sponji ya helmeti,
mpaka maneno yakaisha maana, ikabaki nafasi tu
kati yangu na koti la Mwajabu.

Chini ya daraja la juu la Tazara, taa ikageuka kijani
nami nikaiachia klachi kama sufuria ya moto.
Injini ikazima.
Wakanipita, mmoja, mwingine, mwingine,
kila mmoja akigeuza shingo kidogo.
Nilipoiwasha, nyekundu.

Taa zao za nyuma zikawa punje. Kisha hata punje hakuna.
Kando yangu bodaboda, trei za mayai zimemfika kisogoni:
"Braza, pita tu, trafiki bado wamelala."
Akapita. Lori likalia honi ndefu, likamkosa kwa shibiri.
Halikuvunjika hata yai moja.
Hilo ndilo lililonitisha:
kwamba inawezekana,
na kiganja changu kilikuwa kimeshaanza kusokota mafuta.

Honi nyuma yangu. Mbili, fupi.
Katika kioo, kizibao cha manjano: Nsajigwa,
fundi friji wa Mbagala, mkia wa msafara.
Nilikuwa nimemsahau kabisa.
"Unamfukuza nani?"
"Wameniacha."
"Wa mwisho ni mimi," akasema, "si wewe.
Ukiniona kiooni, hujaachwa."

Kijani. Safari hii klachi niliiachia
kama mtu anayemlaza mtoto.

Pale Uhasibu, kwenye kona, mmoja wetu amesimama,
mguu chini, mkono umenyooka kuelekea Kigamboni.
Hakuushusha nilipopita mimi.
Aliushusha alipopita Nsajigwa.

Kabla ya daraja, saba wametungoja, injini zimezimwa,
wanagawana vitumbua kwenye gazeti lenye mafuta.
Mwajabu hakutazama saa.
Alitazama kidevu changu, kamba,
akanipa kitumbua kilichobaki.
"Wa pili," akasema. "Palepale."

Ng'ambo, baada ya Kibada, mchanga ulikuwa umetambaa
ukala lami upande wa kulia.
Mguu wa Mwajabu ukaning'inia.
Nami nikaushusha wangu, unatetemeka kidogo,
nikauacha hewani,
wa nyuma yangu auone.